Magego ya nguruwe yaliyosahihisha umri wa fuvu la Turkana

NENO 'kisukuku' limepata umaarufu siku hizi, lakini umaarufu wenyewe umeliponza. Kila kukiwa na mkutano wa tabianchi, redio na magazeti hutaja 'nishati ya visukuku' na 'mafuta ya visukuku' hadi mtu akadhani neno hili lilizaliwa kwenye kituo cha petroli. Hivi majuzi niliwauliza vijana wa kidato cha tatu kisukuku ni nini. Wengi walijibu bila kusita: "Ni mafuta, mwalimu." Mmoja akaongeza makaa ya mawe. Hakuna aliyetaja mfupa.

Siwalaumu, kwa kuwa neno hufuata matumizi. Hata hivyo, kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe aliyeishi zamani za kale, iliyohifadhika ndani ya mwamba. Yaweza kuwa mfupa, jino, kombe la konokono, jani, hata unyayo. Aliyelelewa Mombasa au Lamu ameviona visukuku tangu utotoni bila kuambiwa. Mawe ya nyumba za kale za mwambao, na mwamba wenyewe uliobeba Fort Jesus, ni matumbawe ya kale. Sogea karibu na ukuta usiopakwa lipu, utaona vijitundu na mistari ya viumbe walioishi baharini kabla ya kuwepo mji wowote.

Leo nataka tulirudishie neno hili heshima yake kwa kutazama kazi moja kuu ya visukuku, nayo ni kutoa ushahidi. Wanajiolojia huvitumia kujua ni tabaka gani la mwamba wa hapa linalolingana na tabaka gani la mwamba wa kule. Kisa kinachoonyesha kazi hiyo vizuri kilitokea hapa kwetu, kwenye fuo za Ziwa Turkana, katika miaka ya sabini. Kilichobishaniwa ni umri wa fuvu maarufu kuliko yote yaliyokuwa yamepatikana Kenya hadi wakati huo. Shahidi mkuu alikuwa nguruwe. Najua mnyama huyu hatajwi kwa raha katika kila nyumba ya Waswahili, lakini hapa hatumli. Tunasikiliza ushahidi wake tu.

Kabla ya kufika Turkana, hebu tuelewane kuhusu matabaka. Tuseme nyanya yako kule Kisumu alikuwa na mazoea ya kuweka gazeti la kila wiki juu ya lile la wiki iliyotangulia, na kwa miaka hamsini hakutupa hata moja. La chini kabisa ndilo la kale zaidi, la juu ndilo la juzi. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kusoma miamba. Nicolaus Steno, mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi Italia, aliieleza katika maandishi yake ya mwaka wa 1669: mradi ardhi haijapinduliwa, tabaka la chini lilitangulia la juu.

Sasa tuseme kuna mzee mwingine Mombasa mwenye rundo lake, na panya wametafuna tarehe katika marundo yote mawili. Isitoshe, rundo la Mombasa ni fupi kwa sababu paa lilivuja na magazeti mengine yakaoza. Utajuaje ni gazeti gani la Mombasa linalolingana na lipi la Kisumu? Kupima kimo cha rundo hakusaidii. Rangi ya karatasi haisaidii pia, maana magazeti yote huishia kuwa manjano. Itabidi uyasome. Chini utakuta matangazo ya kanda za kaseti, juu yake matangazo ya CD, kisha simu za vibonye, kisha simu za kupapasa. Mfuatano huo hauendi kinyume. Ukikuta gazeti la Mombasa lenye CD na simu za vibonye kwa pamoja, utalipeleka moja kwa moja mahali pake katika rundo la Kisumu. Mwaka hutaujua. Utakachojua ni kwamba magazeti haya mawili ni ya wakati mmoja.

Visukuku ndiyo matangazo yetu. Lakini si kila tangazo linafaa. Sabuni na sukari zilitangazwa miaka yote hamsini, hazikusaidii kitu. Vivyo hivyo, mamba amebadilika kidogo mno kwa muda mrefu mno; jino lake halitakwambia mengi kuhusu wakati. Kisukuku kinachofaa kulinganisha matabaka lazima kiwe rahisi kutambulika, kienee mahali pengi, kiwe kingi, na zaidi ya yote kiwe cha kiumbe aliyebadilika upesi au aliyeishi muda mfupi kabla ya kutoweka. Ningependa tukiite 'kisukuku elekezi'. Mwenye neno bora na aniandikie.

Mtu aliyeifanya kanuni hii kuwa kazi hakuwa profesa. William Smith alizaliwa mwaka wa 1769 katika kijiji cha Churchill, Oxfordshire, Uingereza, mwana wa mhunzi. Alijifunza kazi ya usoroveya, na katika miaka ya 1790 akaajiriwa kupima njia ya mfereji wa kusafirishia makaa ya mawe huko Somerset. Anayechimba mfereji hukata vilima, na anayekata vilima huona ndani yake. Smith aliona matabaka yakifuatana kwa utaratibu uleule kilima baada ya kilima. Tatizo ni kwamba udongo wa mfinyanzi wa tabaka moja uliweza kufanana na wa tabaka jingine kama shilingi kwa ya pili. Alichogundua ni kwamba kila tabaka lilikuwa na visukuku vyake, na hivyo ndivyo vilivyolitofautisha na jirani yake.

Kasisi mmoja aliyeishi karibu na mji wa Bath, Benjamin Richardson, alikuwa na mkusanyiko mkubwa wa visukuku alivyovipanga kwa maumbo yao. Smith alivitazama, akaweza kumweleza kila kimoja kilitoka tabaka gani. Mwaka wa 1799 Smith alitaja orodha ya matabaka yote aliyoyajua, na Richardson akaiandika, huku rafiki yao Joseph Townsend akiwepo. Mwaka wa 1815 Smith alichapisha ramani ya miamba ya Uingereza, Wales na sehemu ya Uskoti, ramani kubwa iliyozidi urefu wa mita mbili. Malipo yake yalikuwa machungu. Mabwana wa Chama cha Jiolojia hawakumkaribisha mwana wa mhunzi. Walitoa ramani yao wenyewe, na mwaka wa 1819 Smith alifungwa katika jela ya wadaiwa mjini London. Haki ilimfikia akiwa mzee. Mwaka wa 1831 chama hichohicho kilimtunuku nishani ya Wollaston, naye akawa mtu wa kwanza kupewa.

Kuna mambo mawili ambayo Smith hakuyajua. La kwanza ni sababu. Kitabu cha Charles Darwin kuhusu chimbuko la spishi kilitoka mwaka wa 1859, miaka 20 baada ya Smith kufariki. Smith aliujua mfuatano bila kujua kilichouleta. La pili ni miaka. Visukuku vilimwambia lipi lilitangulia na lipi lilifuata, lakini havikumwambia ni miaka mingapi iliyopita. Jambo hilo lilisubiri karne ya ishirini, wanasayansi walipojifunza kusoma saa zilizojificha ndani ya mawe.

Mojawapo ya saa hizo imo katika jivu la volkano. Fuwele za jivu hilo zina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi iitwayo agoni. Volkano inapolipuka, joto kali huitoa gesi ya zamani, ikawa saa imeanza upya kutoka sufuri. Anayepima agoni iliyokusanyika tangu hapo anaweza kukadiria mlipuko ulitokea lini. Jivu likitua ziwani au kandokando ya mto na kuganda, hufanya tabaka gumu ambalo wanajiolojia huliita tufu. Mfupa ulio chini ya tufu ni mkongwe kuliko tufu lenyewe. Ulio juu yake ni mchanga zaidi. Saa hii ilikuwa neema kwa Afrika Mashariki, kwa kuwa Bonde la Ufa halijapungukiwa na volkano.

Lakini neema hii ina mtego. Mito ikizoa jivu, huzoa pia chembe za miamba mikongwe zaidi na kuzichanganya nalo. Chembe chache za kale zikiingia katika sampuli, saa itasoma umri mkubwa kuliko ukweli. Tafadhali msomaji, weka jambo hilo akilini.

Tufike Turkana sasa. Mwaka wa 1967 kikosi cha kimataifa kilianza kazi katika bonde la mto Omo, kusini mwa Ethiopia, kikiwa na makundi ya Wafaransa, Wamarekani na Wakenya. Richard Leakey, wakati huo kijana wa miaka ishirini na ushei, alikuwa katika kundi la Kenya. Akiwa ndani ya ndege juu ya ufuo wa mashariki wa ziwa, aliona miamba ya matabaka upande wa Kenya. Mwaka uliofuata alianza msafara wake huko, mahali palipokuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Koobi Fora.

Mwaka wa 1969 mwanajiolojia kijana kutoka Marekani, Kay Behrensmeyer, alipata zana za mawe ndani ya tabaka la jivu lililoganda. Mahali hapo pakaitwa kwa herufi za kwanza za jina lake, na tabaka likawa Tufu la KBS. Sampuli zilipelekwa Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller. Kipimo cha kwanza kilitoa zaidi ya miaka milioni 200! Bila shaka chembe za kale zilikuwa zimejichanganya. Wakachambua fuwele safi zaidi, na mwaka wa 1970 wakatangaza umri wa takriban miaka milioni 2.6. Kama umri huo ulikuwa sahihi, basi zana zile zilikuwa kongwe kuliko zote zilizojulikana wakati huo.

Kisha likaja fuvu. Mwaka wa 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya aliyekuwa katika kikosi cha watafutaji visukuku kilichoongozwa na Kamoya Kimeu, aliona vipande vya mfupa kwenye mteremko. Udongo ulichekechwa, vipande zaidi ya 150 vikapatikana, vikaunganishwa kwa subira hadi fuvu likajitokeza. Liliandikishwa kwa nambari KNM-ER 1470. Ubongo wake ulikuwa mkubwa, zaidi ya sentimita za ujazo 700, na fuvu lilitoka chini ya Tufu la KBS. Kwa kuwa tufu lilisemekana kuwa la miaka milioni 2.6, fuvu lilikadiriwa kuwa na miaka milioni 2.9 hivi.

Hapo ndipo palipokuwa na uzito wa jambo. Zamadamu mwenye ubongo mkubwa kiasi hicho, tena wa kale kiasi hicho, angekuwa ameishi bega kwa bega na zamadamu wa ubongo mdogo ambao wengi waliwahesabu kuwa mababu zake. Na mtu hawezi kuwa rika la babu yake. Ingebidi mti wa ukoo wa binadamu uchorwe upya. Magazeti ya dunia yalilipokea fuvu la Kenya kwa shangwe, na sisi tuliozaliwa miaka hiyo tulikua tukilisikia kama fahari ya taifa.

Lakini kule Omo, umbali wa kama kilomita mia moja tu, watu walikuwa wakikuna vichwa. Bonde la Omo lina matabaka marefu yaliyopangika vizuri, yenye tufu nyingi zilizopimwa umri, na katikati ya tufu hizo kuna meno ya wanyama kwa wingi. Basil Cooke, mtaalamu kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akifundisha Kanada, alikuwa amezamia nguruwe wa kale. Je, kwa nini nguruwe? Walikuwa wengi, walienea kotekote, na meno yao magumu hayaozi upesi. Juu ya yote, walibadilika haraka. Katika ukoo uliojulikana wakati huo kama Mesochoerus, gego la mwisho, lile la tatu, lilizidi kurefuka kizazi baada ya kizazi, badiliko ambalo wataalamu hulihusisha na kula nyasi zaidi. Jamaa za ngiri wa kale nao walikuwa na badiliko lao. Mwenye rula na subira angeweza kupima gego na kusema limetoka sehemu gani ya rundo la Omo.

Cooke akapima magego ya Koobi Fora. Nguruwe waliotoka chini kidogo ya Tufu la KBS hawakufanana na nguruwe wa Omo wa miaka milioni 2.6. Walifanana na wale wa takriban miaka milioni 2. Kumbe gazeti la Mombasa lililodaiwa kuwa la enzi za kaseti lilikuwa limejaa matangazo ya simu za vibonye! Mtaalamu wa ndovu, Vincent Maglio, naye alikuwa ameyagawa matabaka ya Koobi Fora kwa kufuata wanyama wake, na jinsi ulinganishaji ulivyoendelea ndivyo wanyama walivyozidi kulivuta tufu kuelekea umri mdogo.

Waliotetea umri wa milioni 2.6 hawakuwa wapuuzi. Walisema pengine mazingira ya Koobi Fora yalikuwa tofauti, na nguruwe wa huko walibadilika mapema kuliko binamu zao wa Omo. Si jambo lisilowezekana; hata simu za kupapasa hazikufika kila mji siku moja. Lakini mabonde haya mawili yalikuwa ya ziwa moja, bila bahari wala mlima wa kuyatenga. Ni vigumu kuamini kwamba nguruwe wa upande mmoja waliwatangulia wenzao kwa zaidi ya miaka nusu milioni bila hata mmoja kuvuka. Watetezi walikuwa na hoja nyingine pia. Mwaka wa 1976 mbinu tofauti, ile ya kuhesabu mikwaruzo midogo inayoachwa na madini ya urani ndani ya fuwele, ilitoa umri wa milioni 2.4. Mbinu mbili dhidi ya nguruwe! Mtu wa kawaida angeweka dau lake upande upi?

Wakati huohuo mashine nyingine ilikuwa imesema vingine. Mwaka wa 1975 maabara ya Garniss Curtis huko Berkeley, Marekani, ilitangaza kuwa sampuli zake za Tufu la KBS zilikuwa na miaka milioni 1.8 na milioni 1.6. Sasa mashine kwa mashine zilikuwa zinapingana. Mwaka wa 1977 Tim White na John Harris, huyu wa pili akiwa katika kikosi cha Koobi Fora chenyewe, walitoa uchunguzi mpana wa nguruwe wa kale wa Afrika. Walipunguza utitiri wa majina ya spishi, wakapanga upya mfuatano wao, na wakafikia palepale alipofika Cooke, kwamba umri wa Koobi Fora ulikuwa umetiwa chumvi.

Nisieleweke vibaya. Nguruwe hana saa. Gego peke yake halisemi 'milioni mbili'. Miaka yenyewe ilitoka katika tufu za Omo, nazo zilipimwa kwa mbinu ileile ya potasiamu na agoni. Alichofanya nguruwe ni kuunganisha marundo mawili na kusema tabaka hili la Kenya ni la wakati wa tabaka lile la Ethiopia. Saa za pande mbili ziliposoma tofauti, ilibidi watu wakubali kwamba mojawapo ilikuwa na hitilafu, nao wakajua mahali pa kuitafuta. Haukuwa ushindi wa mfupa dhidi ya mashine. Mfupa ndio uliowaambia watu wairudie mashine.

Wakairudia kweli. Thure Cerling, Frank Brown na wenzao walichunguza kemia ya jivu lenyewe, kwa kuwa kila mlipuko una mchanganyiko wake wa madini kama mtu alivyo na alama zake za vidole. Mwaka wa 1979 walionyesha kwamba Tufu la KBS ni jivu lilelile linalopatikana Omo, katika tabaka linaloitwa H2. Mwaka wa 1980 Ian McDougall wa Canberra, Australia, na wenzake walipima fuwele zilizochambuliwa kwa makini wakapata umri wa milioni 1.89. Mwaka huohuo Andrew Gleadow, ambaye alikuwa miongoni mwa waliohesabu mikwaruzo mara ya kwanza, aliihesabu upya na kutangaza milioni 1.87. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nguruwe, kemia, agoni na mikwaruzo sasa vilikuwa vimekutana mahali pamoja.

Hatimaye Leakey mwenyewe aliukubali umri mpya. Fuvu 1470 leo linakadiriwa kuwa na miaka milioni 2 hivi. Je, tulipoteza kitu? Tulipoteza kichwa cha habari. Fuvu halikupungua hata kipande. Bado ni miongoni mwa mafuvu muhimu zaidi kuwahi kupatikana, na sasa lina umri ambao hakuna anayeweza kuutikisa kwa urahisi. Tena meno yale yaliendelea kufanya kazi. Katika mapango ya Afrika Kusini, ambako hakuna tufu za volkano za kupimwa, nguruwe wa Afrika Mashariki wametumiwa kukadiria umri wa zamadamu wa huko.

Kwa kuwa ukumbi huu ni wa lugha, niruhusu nionyeshe tabaka moja lililojificha katika kisa hiki. Zile herufi KNM-ER zinatokana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na 'Rudolf Mashariki'. Rudolf ni jina ambalo msafara wa Teleki ulilibandika ziwa hilo mwaka wa 1888 kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria. Mwaka wa 1975 serikali yetu ililiita Turkana. Mifupa iliyopatikana baadaye upande wa magharibi, kama ile ya Mvulana wa Turkana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka wa 1984, imeandikishwa kwa herufi WT, yaani Turkana Magharibi. Nalo fuvu 1470 wataalamu wengi huliweka katika spishi iitwayo Homo rudolfensis. Jina la mkuu wa Austria limebaki humo limeganda, ingawa ziwa lilishalivua. Ukiokota makala ya kitaalamu isiyo na tarehe inayozungumzia watafiti wa 'Ziwa Rudolf', unaweza kukisia kwamba iliandikwa kabla ya jina kubadilika. Hivyo ndivyo Smith alivyosoma vilima vya Somerset, na ndivyo mwanaisimu anavyosoma maneno.

Hata hivyo, ushahidi wa aina hii una sharti moja gumu. Gego la nguruwe lilikuwa na thamani kwa sababu aliyeliokota aliandika limetoka tabaka gani, juu au chini ya tufu gani. Gego lilelile likiokotwa na mpita njia, likatiwa mfukoni na kuuzwa kama pambo, linakuwa ukurasa uliochanwa kutoka gazeti lisilojulikana. Halitamlinganisha yeyote na chochote. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka wa 2006 inavilinda vitu hivi, lakini sheria haiwezi kusimama kwenye kila korongo la Turkana, Baringo au Homa Bay. Anayechimba msingi wa nyumba au machimbo ya mawe akikutana na mfupa uliogeuka jiwe, heri auache ulipo, apige picha, na awaarifu watu wa makumbusho.

Nilirudi kwa wale vijana wa kidato cha tatu nikawasimulia kisa hiki. Yule aliyenijibu kuhusu makaa ya mawe aliinua mkono. "Mwalimu, kwa hivyo Ngeneo alikuwa Mkenya?" Nikamwambia ndiyo. Akaliandika jina hilo daftarini, chini ya neno kisukuku.